Vidole Vinne Juu ya Maji

Juzi kijana mmoja wa malori alinisimulia, tena kwa majigambo, jinsi walivyopita ukaguzi na gari ambalo breki yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Mkaguzi aliangalia taa, akaangalia kioo, akapokea salamu zao nzuri, akawaruhusu. Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nikacheka, maana sikutaka mseme mzee kanuna, lakini mlipoondoka nilibaki na moyo mzito. Ndiyo maana nimewaita tena leo, ninyi mnaoendesha, na ninyi mliopewa kofia na daftari la kuwakagua wanaoendesha. Kamba ile haijanitoka kichwani.

Kazi yenu ilikuwa kazi yangu. Sikukagua malori, maana enzi hizo hapa bondeni gari tulilisikia tu kwenye hadithi za wapagazi. Nilikagua mitumbwi, hapahapa kivukoni Ifakara, enzi za Mjerumani. Haya, chekeni, mkimaliza mniambie niendelee.

Njia ya kwenda Mahenge ilikatwa na mto, kama inavyokatwa mpaka leo. Chumvi, barua, askari, wapagazi na mizigo yao, bibi harusi na mikeka yake, wote walifika ukingoni na kupanda mtumbwi. Huo ndio uliokuwa lori letu. Na mto huu mnaujua. Masika ukifura, ukingo wa pili huuoni, na chini kuna wenyewe, mamba na viboko, ambao hawahitaji kualikwa.

Sasa sheria ya ukaguzi ilikujaje? Msidhani ilikuja kwa sababu watu walizama. Watu walizama tangu babu zetu, tukalia, tukazika waliopatikana, mambo yakaisha. Sheria ilikuja siku lilipozama sanduku la chupa za Bwana Miwani. Huyo alikuwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akipita kwenda boma la Mahenge, na jina hilo tulimpa sisi. Wapiga kafi walitoka salama, mpishi alitoka salama, lakini sanduku lilikwenda chini na vinywaji vyake vyote. Bwana alisimama ukingoni, uso umewiva, akayatazama maji kwa muda mrefu, na sisi wote tukajifanya tunasikitika. Haukupita mwezi, amri ikaletwa na akida.

Amri yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kuisema vibaya. Kila mtumbwi unaovusha wasafiri ukaguliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada ya masika. Uwe na kafi mbili, pondo moja la kusukumia, na kibuyu cha kutolea maji. Ukishapakia, kati ya ukingo wa mtumbwi na maji pabaki vidole vinne. Mtumbwi uliopita upigwe chapa ya moto ubavuni, karibu na pua. Asiye na chapa akivusha watu, hamsa wa ishirini. Kwa ninyi mliozaliwa juzi, hivyo ni viboko ishirini na tano, na kiboko chenyewe kilikuwa cha ngozi ya kiboko kwelikweli.

Akida akauliza nani atakuwa mkaguzi. Watu wote wakarudi nyuma hatua moja. Mimi nilikuwa nachomoa mwiba mguuni, sikuona wenzangu wakirudi. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nikakabidhiwa chuma chenye herufi ya Kijerumani ambayo maana yake siijui mpaka leo.

Nilijua kupiga kafi, lakini kujua kupanda mtumbwi si kujua mtumbwi. Nilikwenda kwa Fundi Mpangile, mchongaji mzee aliyekuwa na tezo moja na maneno machache. Nikamwambia, "Shikamoo baba, nimepewa kazi ya kukagua." Akasema, "Marahaba. Kakague ule pale." Kulikuwa na mtumbwi unaelea, mweusi, safi, unang'aa. Nikauzunguka, nikaingia, nikarukaruka. Hata tone la maji halikuingia. Nikamwambia huu mzima, hauna neno.

Fundi akaweka tezo chini. Akaita watu, wakauvuta mpaka juani, ukalala pale tangu asubuhi hadi jua likaanza kuinama. Akaniita. Chini ya tumbo la mtumbwi ule kulikuwa na ufa ambao kidole changu kiliingia chote.

"Umekagua maji," akaniambia. "Mti hujaukagua."

Mti ukilowa hufura, na ufa hujifumba wenyewe. Ndiyo maana mwenye mtumbwi mbovu, akisikia mkaguzi anakuja, huuzamisha mtoni siku tatu halafu huuibua unapendeza. Dawa yake ni jua. Unauanika kutwa, kisha unaujaza maji ukiwa nchi kavu, unalala chini na kutazama tumbo lake. Mtoni maji hutoka nje kuingia ndani, nchi kavu hutoka ndani kuja nje, lakini ufa ni uleule. Nawaambia ninyi wa malori pia, gari lililooshwa vizuri asubuhi ya ukaguzi liangalieni mara mbili.

Baada ya jua, kugonga. Unatumia mpini wa kisu, unagonga hatua kwa hatua, tangu pua mpaka mkiani. Mti mzima hujibu ngo, ngo, ngo. Mti uliooza hujibu bu. Fundi Mpangile alikuwa akinifumba macho kwa kitambaa na kunigongesha vyungu, milango, vinu, hata kichwa cha mpwa wake aliyekuwa mvivu wa kwenda shamba. "Huyo vipi?" akauliza. Nikasema, "Bu." Akacheka mpaka akakohoa. Basi watu wakanipa jina la Gonga, na ndilo lililobaki.

Ujanja wa wenye mitumbwi, msiniulize! Walijaza nyufa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na masizi, huoni kitu mpaka upitishe ukucha. Walimkaribisha mkaguzi samaki wa kuchoma kabla hajaanza kazi, ili ashibe na asinzie. Na vibuyu? Mwaka wa pili nilikagua mitumbwi minne mfululizo, kila mmoja una kibuyu chake kama amri inavyotaka. Wa nne nikakiona kibuyu kina doa jekundu shingoni. Nikakiinamia, nikakiambia, "Habari za tangu asubuhi, bwana Kibuyu? Hii ni mara ya nne tunaonana." Wenye mitumbwi wakatazama mawingu. Kumbe kilikuwa kinapitishwa nyuma ya matete, kinakimbizwa mbele yangu. Nasikia siku hizi mnaazimana gurudumu la akiba. Hamjavumbua kitu, wajukuu zangu, mnarudia ya babu zenu.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana mzee anayesimulia sifa tupu ni mwongo.

Nilikuwa nimemwoa Sikujua, na mama yake alikuwa na mtumbwi wa kuvushia. Mumewe, marehemu baba mkwe, aliuchonga kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye mvule mmoja, mrefu, wa kubeba watu kumi na wawili. Alipofariki aliacha ule mtumbwi na mjane, basi. Wapwa wawili wa mjane huyo ndio waliokuwa wakiupiga kafi, na kilichopatikana ndicho kilichomlisha mama mkwe wangu. Jina lake sitawatajia. Mkwe hatajwi, na uzee haujaniondolea adabu.

Ninyi siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu, mnawatania, sijui mnacheza nao bao. Kwetu haikuwa hivyo. Mama mkwe ukimwona njiani unaingia porini kumpisha. Humtazami usoni, husemi naye ila kwa kupitia mtu, hukanyagi alipokaa. Si chuki, ni heshima kubwa kuliko zote. Kupanda naye mtumbwi mmoja ndiyo usiseme.

Ikafika zamu ya mtumbwi wake. Nimekwenda na chuma changu na kaa la moto, pamoja na askari aliyetumwa kunisimamia, mtu wa mbali asiyejua mila zetu. Mtumbwi umelala ukingoni, umelowa. Na ndani yake, katikati kabisa, amekaa mama mkwe na ungo wake anapukuchua mahindi.

Nikasimama. Nikageuka. Nikazunguka kichaka, nikarudi, bado yupo. Anapukuchua punje mojamoja, hana haraka.

"Wewe!" askari akaniita. "Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Mkwe wangu yumo ndani."

"Mwambie atoke."

"Sisemi naye."

"Basi nimwambie mimi."

"Ukimwambia wewe, itakuwa mimi ndiye niliyemfukuza."

Askari akaniangalia kama mtu aliyepewa mgonjwa badala ya mkaguzi. Jua linachoma, anataka kurudi. Akasema, "Piga chapa twende, au nikupige wewe." Nikaukaribia ule mtumbwi kinyumenyume, uso nimeugeuzia mtoni, nikanyoosha mkono nyuma nikakandamiza chuma. Moshi ukatoka. Chapa ikakaa upande, imepinda. Sikuanika, sikugonga, sikumwaga hata kata moja ya maji. Mama mkwe akaendelea na mahindi yake.

Msimu ule wote mtumbwi wa chapa iliyopinda ulivusha watu. Mimi nilikuwa ukingoni napima vidole vinne, na kila siku nilimwona mpwa mmoja akitoa maji kwa kibuyu zaidi ya kawaida. Niliona. Nikajiambia ni mawimbi. Moyoni nilijua si mawimbi. Mkaguzi ana namna yake ya kusema uongo, na namna hiyo ni kunyamaza.

Kisha vita vikaja. Maji Maji yenyewe mmesomeshwa na wazee wengine, wanaojua kuliko mimi. Sitayafanyia mzaha, maana ndugu zangu waliyanywa yale maji na kwenda, wengine hawakurudi. Mimi nilikuwa pabaya pa namna yangu. Wapiganaji waliniona mtu wa Wajerumani kwa sababu ya chuma kile, na Wajerumani waliniona Mndamba tu kama wengine. Nikakizika chuma nyuma ya nyumba, nikawa namlinda mke wangu na mtoto wetu wa kwanza, mchanga wa miezi minne.

Siku moja asubuhi tukaona moshi upande wa barabara. Halafu moshi mwingine, karibu zaidi. Askari walikuwa wanakuja wakichoma nyumba na maghala. Tukashika watoto na vyungu, tukakimbilia mtoni, tuvuke kwenda kujificha kwenye matete ya ng'ambo, ambako wavuvi walikuwa na vibanda vyao.

Tukafika ukingoni watu kumi na wanne, nikimhesabu na mtoto wetu mgongoni kwa Sikujua. Mitumbwi hakuna. Siku chache kabla askari walikuwa wamepita na kuipasua kwa mashoka ili wapiganaji wasivuke. Ilikuwa imebaki miwili iliyofichwa. Mmoja ni mtumbwi mdogo wa kuvulia, wa watu wanne wakibanana. Wa pili ni ule wa mama mkwe. Wapwa zake walikuwa wameuzamisha kwenye kijito, na sasa waliuibua. Ukatoka majini mweusi, unang'aa, mzuri wa kumtia mtu machozi.

Watu wakashangilia. Mzee mmoja aliyekimbia na jogoo wake kwapani akaweka kidole juu ya chapa iliyopinda, akasema kwa sauti, "Huu umekaguliwa! Chapa hii hapa, na mpigaji wake huyu hapa. Haya, pandeni!" Na Sikujua akainua mguu apande.

Nikataka kusema. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale kando ya mtumbwi wake, hatua tatu kutoka kwangu, na watu wote wanatazama. Miguu yangu ilikuwa inanirudisha nyuma yenyewe, kwa mazoea. Mke wangu mguu mmoja ndani ya mtumbwi, mwanangu mgongoni kwake, na mimi naona haya! Mpaka leo nikikumbuka nafsi yangu ya wakati ule natamani kuizaba kofi.

Hapo mkono ukanishika. Sijawahi kuguswa na mkono ule kabla wala baada. Ulikuwa mgumu, wa mtu wa jembe. Mama mkwe alinikamata kifundo cha mkono, akanivuta mpaka kwenye mtumbwi, na akasema nami mdomo kwa sikio.

"Baba, siku ile nilikaa ndani makusudi. Niliogopa utaukataa, na ni huu tu alioniachia mume wangu. Leo hakuna haya. Mwanangu anapanda. Ukague."

Nikamvuta Sikujua nje. Jua la kuanika hatukuwa nalo, moshi ulikuwa unasogea. Nikatoa kisu, nikaanza kugonga kutoka puani. Ngo. Ngo. Ngo. Watu wananipigia kelele. "Mwanamume, unacheza ngoma?" Ngo. Ngo. Nikafika nyuma, upande wa kushoto, chini kidogo ya mkao wa mpiga kafi.

Bu.

Nikapitisha ukucha, nikatoa nta. Nikageuza kisu, nikasukuma. Kikaingia mpaka mpini, bila nguvu, na maji meusi yakachuruzika mkononi mwangu. Mti ulikuwa umeoza urefu wa mkono mzima. Watu kumi na wawili wangeukanyaga wakiwa katikati ya mto, ungefunguka kama ganda la muwa.

"Hapandi mtu," nikasema.

Mzee wa jogoo akawaka. "Chapa si yako? Si wewe uliyeipiga?"

"Chapa ni yangu," nikamjibu, "na uongo ni wangu. Siku ile sikuukagua." Nilisema hivyo mbele ya mke wangu na watu wote. Mashavu yaliniwaka, na papo hapo nikajisikia mwepesi, sijui niseme vipi. Nikachukua tezo kwa mpwa mmoja, nikaichonga ile chapa mpaka ukatoka mti mweupe. Mama mkwe alitazama mtumbwi wa mumewe ukifutwa, akafunga khanga kiunoni, akaanza kupanga watu.

"Wanne wanne," akasema. "Wenye watoto kwanza."

Tukavusha kwa ule mdogo. Mpwa mmoja anapiga kafi, watatu wanakaa, anarudi peke yake. Kila safari mimi nasimama majini mpaka magotini, nabandika vidole vyangu vinne ubavuni. Maji yakigusa kidole cha chini, mtu au mzigo unashuka. Sikujua alivuka safari ya kwanza, na nilimpima yeye kama nilivyompima kila mtu. Mzee wa jogoo alisema jogoo hana uzito. Nikamwambia jogoo ana uzito wa jogoo, ashuke. Akashushwa akiwika, akaja safari iliyofuata kwa zamu yake, na nadhani alinilaani kwa lugha yake.

Mwisho tukabaki ukingoni mama mkwe, mimi, mpwa wa pili, na kinu. Ndiyo, kinu cha kutwangia. Alikikimbiza kutoka nyumbani kichwani. Nikamwambia mpwa amwambie shangazi yake kwamba kinu kibaki. Shangazi akamwambia mpwa aniambie kwamba amekitwangia tangu alipoolewa na hakibaki. Moshi sasa ulikuwa nyuma ya miti, tunasikia paa zikipasukapasuka kwa moto. Sikuwa na muda wa kubishana kupitia tarishi. Tukapanda, kinu na wote, wapwa wote wawili mbele.

Basi, wajukuu zangu, mimi na mama mkwe wangu tukawa ndani ya mtumbwi mmoja, tena wa kubanana. Akageuka akatazama mbele, akajifunika mkeka kichwani mpaka kiunoni, akawa kama mzigo. Mimi nyuma nikapiga kafi nikitazama mawingu. Tulipofika katikati, ule mkeka ukatoa mkono, ukashuka ubavuni, ukapima maji.

"Mwambieni yule mtu wa nyuma," sauti ikasema kutoka ndani ya mkeka, "ni vidole viwili."

Nikaendelea kupiga kafi.

Mkeka ukafikiri. Kisha mikono miwili ikatoka, ikakikumbatia kinu, ikakitupa mtoni. Mtumbwi ukainuka. Mkono ukapima tena. "Vinne," sauti ikasema. Tukavuka salama, na kinu kile, kwa kuwa ni mti, hakikuzama hata kidogo. Kilielea nyuma yetu kwa heshima, kikachukuliwa na maji, na baada ya siku mbili wavuvi wakakiokota kimenasa kwenye matete. Alikitwangia mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Na hakuwahi kusema nami tena moja kwa moja, wala mimi naye. Tulirudi kwenye haya zetu, na tulipendana hivyo hivyo.

Baada ya vita ikaja njaa, na baada ya njaa Wajerumani wakarudi na amri yao ya ukaguzi. Nikakifukua chuma, nikaendelea na kazi mpaka Mwingereza alipoingia. Lakini tangu siku ile hakuna mtumbwi niliopiga chapa bila kuanika na kugonga, uwe wa akida, uwe wa padri, uwe wa ndugu yangu wa tumbo moja. Waliniita mtu asiye na utu. Sawa. Mtumbwi ule wa mvule vita viliuacha pale pale, na sehemu iliyokuwa nzima Fundi Mpangile alinichongea mlango. Ndio huo mlioubishia hodi leo. Lile kovu jeupe ubavuni lililokuwa likiwatatiza, sasa mmelijua.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya niwaite.

Miaka mingi baadaye nilikuwa gulioni Kiberege. Mama mmoja muuza mchele akasikia wenzangu wakiniita Gonga. Akaacha kupima mchele, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa mkaguzi wa mitumbwi kule mtoni?" Nikamwambia ndimi. Akaniambia, "Siku ile ya moto, na sisi tulikimbilia mtoni, mimi na mume wangu, na mtoto mgongoni. Tulifika ninyi mmekwisha kuvuka. Tukakuta mtumbwi mkubwa, mzuri, umeachwa ukingoni, kafi zimo ndani. Mume wangu alitaka tupande. Nikamwambia tazama chapa kwanza. Akatazama, akakuta imechongwa, mti bado mbichi. Nikamwambia, mtu hachongi chapa bure. Tukauacha, tukaingia kwenye matete upande wetu, tukalala matopeni mpaka askari wakapita." Akanipimia mchele, akakataa kupokea kitu, akalia, na mimi nikalia pale gulioni na mfuko wa mchele mkononi.

Chapa yangu ya uongo ingewaua. Chapa niliyoichonga mbele ya watu ndiyo iliyowaokoa, nami sikujua hata kwamba walikuwa njiani wanakuja. Anayekuja nyuma humwoni, lakini yeye anaiangalia kazi yako.

Yule mama alinieleza mtoto aliyekuwa mgongoni anaitwa nani, na ameoa wapi, na amezaa nani. Sitamtaja mbele ya wenzake. Lakini wewe kijana uliyecheka juzi kuhusu kamba ya katani, wewe uliyekaa karibu na mlango, nenda Kiberege ukamsalimie bibi yako, bado anauza mchele palepale. Muulize yeye baba yako alikuwa wapi siku ile ya moto. Kisha kabla hujawasha lori kesho, kafungue ile kamba.